Fundi wa kuzuia mafuriko Mtwara: kazi aliyonifanyia Magomeni na kwa nini nimempa nyota nne

Habari zenu wadau, hasa nyie wa Mtwara, Mikindani na ndugu zetu wa Lindi. Tangu masika yaliyopita watu wamekuwa wakiniuliza mbona kwako maji hayakuingia na jirani yako yameingia, kwaiyo nimeona niandike mara moja yote. Kwa asiye na muda wa kusoma hadi mwisho: nyota nne kati ya tano, fundi mkweli, kazi inashika, na ile nyota moja niliyombania nitaeleza. Jina lake silitaji humu ila anayemhitaji aseme, nitamuuliza mwenyewe kwanza alafu nimuunganishe.

Huduma yenyewe ni hivi. Ni fundi wa Mikindani na vijana wake wawili, wanafanya kazi za kuzuia maji ya mvua yasiharibu nyumba: gata (mifereji ya pembeni mwa bati), mitaro ya ndani ya uwanja, zege la kuzunguka msingi, vizuizi vya milangoni na vile vidude vya kwenye bomba la choo. Hana duka wala bango, watu wanapata habari zake mdomoni tu. Mimi nilimpata kupitia shemeji yangu wa Chuno.

Kilichonifanya nimwamini ni kitu kimoja. Nilipompigia simu nkamwambia nataka kujua bei akakataa kunitajia, akasema mama mi siwezi kukutajia bei ya maji ambayo sijayaona. Alikuja siku ya jua akiwa na mpira mweupe wa levo, ule wa kujaza maji mafundi wanaotumia kupima usawa, akazunguka nyumba yote na kijana wake, huyu kashika ncha hii yule kashika ile, wakawa wanapiga alama za chaki ukutani na kwenye mnazi na kwenye nguzo ya geti, alafu akaniambia bado, nitarudi ikinyesha. Na kweli akarudi ikinyesha! Kavaa koti la mvua na kandambili, akasimama uani zaidi ya saa nzima anaangalia tu maji yanatoka wapi yanaenda wapi, yanasimama wapi, anamuuliza na mwanangu mdogo ule mwaka maji yaliingia wewe uliyaona wapi kwanza. Mtoto akamwonesha chooni. Fundi akatabasamu akasema umeona mama, huyu ndo shahidi wangu.

Maana kabla yake alishakuja fundi mwingine, yeye alitazama getini dakika tano akasema ziba, pandisha ukuta wa uzio kozi nne, yaani safu nne za tofali, ziba na matundu ya chini, kazi imeisha, leta saruji mifuko kadhaa. Sasa kama ningefuata hayo ningekuwa nimejenga beseni na nyumba yangu iko katikati yake, kwa sababu maji mengi yaliyokuwa yananisumbua yalikuwa ya hapo hapo ndani ya uwanja, sio ya barabarani. Na ndo hoja yangu kubwa leo: mlipe kwanza anayepima maji yako yanatoka wapi, ndo baadaye umlipe anayeuza saruji. Nyumba mbili zimepakana ukuta kwa ukuta na bado mafuriko yao yanaweza kuwa tofauti kabisa.

Ngoja nieleze alivyoyagawa maji yangu maana hapa ndo nilijifunza.

La kwanza ni maji ya bati langu mwenyewe. Mnakumbuka kimbunga Hidaya, Mei 2024, kile kilichotua Mafia. TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, walitoa taarifa kwamba kituo cha Mtwara kilipata milimita 75 ndani ya saa 12, wakati wastani wa mwezi Mei mzima kwa Mtwara ni milimita 54. Watu wengi tunasikia milimita hatuelewi ni nini. Fundi alinipa hesabu rahisi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Bati langu limefunika kama mita 10 kwa 12, hizo ni mita za mraba 120, zidisha kwa 75 unapata lita 9,000. Lita elfu tisa!! Ni matenki tisa ya lita elfu moja moja yanamwagwa pembeni mwa msingi wangu usiku mmoja, na nyumba haikuwa na gata hata moja, na udongo wetu wa Mtwara ni mchanga, maji yakidondoka sehemu moja yanachimba. Ukitaka kuamini nenda kaangalie nyumba yoyote isiyo na gata hapa mjini, utaona mfereji umejichora wenyewe chini ya upenu na kwenye kona msingi uko nje unaonekana mawe. Watu wanasema nyumba imepasuka kwa sababu fundi alibania saruji, mara nyingi ni maji ya bati lake mwenyewe yamekula mchanga chini ya msingi mpaka kona ikatitia.

La pili ni maji ya barabarani, haya yanatoka kwa majirani wa juu na kwenye mtaro ulioziba. Haya ndo kila mtu anayaona na kuyalaumu.

La tatu ni maji yanayopanda kutoka chini, na hili sikuwahi kusikia mtu analiongelea mtaani. Masika yakikolea maji ya ardhini yanapanda, karo, lile shimo la maji machafu ya choo, linajaa, sasa maji machafu yakikosa pa kwenda yanarudi kwa njia ile ile yaliyoendea, yanatokea kwenye tundu la choo na tundu la bafuni. Nyie mliowahi kuona mafuriko yanaanzia bafuni wakati mlangoni pakavu mnanielewa. Na haya ndo mabaya kuliko yote kwa sababu ni maji ya choo, yakishagusa godoro na unga na sufuria hapo unaongelea kuharisha na kipindupindu, sio kufua tu.

Alafu kuna jambo la bahari ambalo wazee wa Mikindani na Shangani wanalijua sana. Maji ya mjini mwisho wake ni baharini. Bahari yetu kwenye bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, inapanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Mvua kubwa ikikutana na bamvua ikiwa imejaa, mitaro ya sehemu za chini inakosa pa kumwagia, maji yanasimama pale pale mpaka bahari ianze kutoa. Kwaiyo mvua ile ile ikinyesha bahari imekupwa unaona mtaro unashuka vizuri, ikinyesha bamvua imejaa unaona maajabu. Fundi ana kalenda ya maji kwenye simu kama wavuvi, na aliniambia ukisikia TMA wametoa angalizo au tahadhari ya mvua kubwa angalia na bamvua, vikiangukia siku moja usilale.

Sasa kazi alizofanya.

Gata ndo zilikula hela kuliko kitu kingine chochote. Alifunga pande zote mbili ndefu, upande mmoja unaingia kwenye tenki na tenki likijaa kuna bomba la kumwaga linapeleka mbali, upande mwingine unaenda kwenye shimo la kunywa maji, yaani la kuyazamisha ardhini, lililojazwa mawe, kalichimba zaidi ya mita tano kutoka kwenye nyumba na mbali na karo. Alinionya kabisa kwamba shimo la kunywa linafanya kazi vizuri kwenye mchanga wetu mwanzo wa msimu ila ardhi ikishashiba mwezi wa tatu wa nne linagoma, ndo maana akaliwekea na njia ya kutokea kuelekea mtaro wa mtaa. Huo uaminifu wa kuniambia kitu alichokijenga kitagoma lini mi nimeupenda sana, mafundi wengi hawawezi kukwambia hivo.

Kuzunguka nyumba akamwaga zege jembamba lenye mteremko, sentimita tano kwa kila mita moja kwenda nje, ili maji yatakayotoroka gata yasitulie kwenye msingi. Kijana wake alitaka kuchukua mchanga wa ufukweni maana uko karibu na ni wa bure, fundi akamkatalia, mchanga wa bahari una chumvi, unakula nondo na ukuta baadaye unatoa unga mweupe na plasta inabanduka. Saruji hapa kwetu sio tatizo, kiwanda cha Dangote kiko hapo hapo Mtwara, kokoto ndo zinauma.

Chooni akaweka chekivalvu kwenye bomba la inchi nne kabla halijaingia karo, ndani ya chemba yenye mfuniko ili iweze kufunguliwa. Ni kidude kina ulimi ndani, maji yakitoka nyumbani unafunguka, yakitaka kurudi unajifunga. Hii kwangu ndo hela iliyofanya kazi kubwa kuliko zote niliyotoa, na ilikuwa sehemu ndogo tu ya gharama. Ila kuna masharti na lazima myajue: ulimi ukinaswa na kitambaa au pedi au nywele haufungi, kwaiyo lazima usafishwe kabla ya msimu na katikati ya msimu. Na ukiwa umejifunga maana yake na maji yako hayatoki, usiflashi, usioge bafuni, subiri. Nyumba yenye watu wengi iwekeane utaratibu huo mapema, la sivyo mtajifurikisha wenyewe kutoka ndani. Kwa asiye na hela ya chekivalvu alinionesha njia ya haraka, jaza mchanga kwenye salfeti ndogo, weka ndani ya mfuko wa nailoni, shindilia tundu la choo na jingine tundu la bafuni. Sio pazuri kuangalia ila inasaidia.

Milangoni akanichomelea vizuizi. Ni bati nene la chuma lenye fremu, linateremka kwenye reli mbili zilizopigiliwa pande zote za mlango, chini na pembeni kaweka mpira aliokata kwenye tyubu ya lori, unabana na komeo. Mlango wa mbele na wa uani. Kila kimoja kimo chake nusu mita tu. Mume wangu akamwambia fundi si upandishe mpaka mita moja kabisa tukae kwa amani, fundi akakataa katakata na sababu yake nimeiweka kichwani hadi leo. Maji yakisimama nusu mita nje ya ukuta, kila mita moja ya urefu wa ukuta inasukumwa kwa nguvu kama uzito wa kilo 125. Yakifika mita moja nguvu haiwi mara mbili, inakuwa mara nne, karibu kilo 500 kwa kila mita. Ukuta wa tofali la inchi sita haukujengwa kusukumwa ubavuni hivo. Kwaiyo maji yakizidi kama sentimita 60 ni afadhali uyaache yaingie, upoteze kapeti na kabati, kuliko uyazuie ukuta ukuangukie wewe na watoto. Na nyumba za mbavu za mbwa, zile za miti na udongo, na za tofali mbichi hizo hata nusu mita ni nyingi, udongo ukishalowa chini unayeyuka, huko kitu cha maana ni kuinua baraza na kuyakwepesha maji yasiuguse ukuta kabisa.

Kwenye viroba vya mchanga vya kuzuia maji nataka niseme zaidi kwa sababu huku kwetu tuna bahati ya viroba. Kila nyumba ya mkulima wa korosho ina mifuko ya salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, iliyoisha na magunia. Watu wanajaza mchanga mpaka juu, wanakaza kamba, wanapanga mlangoni kama mzigo wa kupakia kwenye lori, alafu maji yanapita katikati wanasema viroba havifai. Kiroba kinajazwa nusu au zaidi kidogo ya nusu, kisizidi theluthi mbili, ili kiweze kulala na kujibana na mwenzake. Unavipanga kama tofali, cha juu kinakaa katikati ya viwili vya chini, mdomo umekunjwa chini yake, unavikanyaga kila safu, na upande wa maji unatandika nailoni. Gunia la korosho linabana vizuri kuliko mfuko wa salfa maana ule wa plastiki unateleza, ila gunia likikaa na unyevu linaoza na la plastiki likipigwa jua miezi kadhaa linachanika ukilishika, kwaiyo hakuna cha kujaza leo ukakiacha nje mpaka mwakani. Mifuko ya salfa ioshwe kabisa kabla mtoto hajaigusa, ile unga inachoma macho. Na hata ukipanga vizuri kiroba kinapunguza maji, hakizuii yote. Fundi anakitumia kuyageuza maji njia, sio kuyafungia nje.

Kuna mwenzangu aliona kazi hii akaniuliza mbona hukupaka tu ile dawa ya kuchanganya na saruji ya kuzuia maji, ina bei nafuu. Ile inasaidia unyevu unaopanda ukutani, na inasaidia plasta. Ila maji yaliyosimama nje ya mlango hayana habari na dawa, yanapita mlangoni, kwenye nyufa, kwenye tundu la bomba, na chooni.

Sasa suala la majirani, na hapa nampongeza fundi kwa moyo wote. Kazi ya kuzuia maji ina hatari moja kubwa, maji uliyoyakataa wewe yanaenda kwa mtu. Upande wa chini yangu anakaa bibi mmoja mjane, nyumba yake iko bondeni kuliko yangu. Fundi hakuchimba hata futi moja ya mtaro kabla hajaenda kumwamkia na kumwonesha maji yatapita wapi, akamwita na mwenyekiti wa mtaa, na mwisho tukakubaliana mtaro wangu upindishwe ufuate mpaka hadi kwenye kalavati badala ya kukata moja kwa moja. Ilinigharimu zaidi. Lakini yule bibi ananiita mwanangu mpaka leo, na siku mtaro ulipoziba majani ya mnazi yeye ndo aliyemtuma mjukuu wake kuja kuniita. Mtaa wetu sasa hivi tunazibua ule mtaro pamoja kabla mvua hazijaanza, takataka zinazotoka humo ni chupa na nepi na makumbi ya nazi, zote ni zetu wenyewe.

Nilitaka pia akafanye kazi kwa mjomba wangu Mingoyo, Lindi, karibu na mto Lukuledi. Akaenda, akapima, akarudi bila kuchukua kazi. Alimwambia mjomba kwa heshima, mzee wangu haya sio maji ya bati wala ya mtaro, haya ni maji ya mto, mto unabeba mvua ya kutoka kote huko juu na unaweza kukufikia hata siku ambayo Lindi kuna jua, kizuizi changu cha nusu mita ni kukupotezea hela. Na kisheria kabisa, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na ufukwe wa bahari vilevile. Sio kwa kumwonea mtu. Tuliona Kilwa Januari 2020, mafuriko yaliua watu na maelfu wakabaki hawana pa kulala, pale hapakuwa na kiroba cha kuokoa nyumba, kilichookoa ni kuondoka mapema kwenda juu. Ushauri aliompa mjomba ni vyumba vya kulala na ghala vihamie kwenye kile kipande chake cha juu kidogo kidogo, chini abakize bustani na migomba. Mjomba alinuna wiki nzima, sasa hivi ameshaanza kufyatua tofali kule juu. Fundi hakumdai hata nauli.

Kwa wanaosema huku kusini vimbunga vinapita mbali, haya tukumbushane. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi, wazee wanakisimulia. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilikuwa kinatusogelea Mtwara watu wakaambiwa wahame maeneo ya hatari, kikaenda kutua Msumbiji, Cabo Delgado, hapo tu ng'ambo ya mto Ruvuma. Alafu Hidaya 2024, na barabara ya kwenda Dar ikakatika upande wa Kilwa tukakaa tunaangalia bei za vitu zinapanda. Kwangu mimi hela niliyotoa inaeleweka.

Mambo madogo aliyonifundisha bure wakati vijana wanakunywa chai: soketi za ukutani zipandishwe usawa wa kifua wakati mwingine nikifanya waya upya, na maji yakianza kukaribia mlango zima mein switchi ungali umesimama pakavu, usiingie kwenye maji kwenda kuizima. Hati ya kiwanja, vyeti vya watoto na kadi za bima ziwe kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, juu ya kabati. Friji ikae juu ya tofali mbili. Maji yanayokimbia hata kama ni sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, watoto wasitumwe dukani barabara ikiwa imegeuka mto, na bodaboda asikwambie anapajua. Zimamoto na uokoaji ni 114. Na baada ya mafuriko usikimbilie kupiga plasta na rangi, ukuta unaonekana mkavu nje wakati ndani una maji, ukiufunga unyevu unabaki humo na rangi yote inamenyuka, fungua madirisha, gonga plasta iliyovimba uitoe, subiri wiki kadhaa mpaka ukuta ukauke wenyewe.

Masika yaliyopita yakatujaribu. Kuna usiku mvua ilipiga tangu magharibi, asubuhi barabarani maji yako juu ya vifundo, uwanjani kwangu yalikuwepo ila yanatembea, hayajasimama. Kizuizi cha mbele kilivuja kidogo kwenye kona, tambara moja likatosha. Chooni kimya, hakuna tone lililorudi. Jikoni tu ukuta wa nyuma ulipata unyevu kwa sababu pale gata ililegea, nitaeleza. Usiku huo wanangu walilala kwenye vitanda vyao, na mtu aliyewahi kukesha amebeba mtoto mgongoni anasogeza viti gizani ataelewa kwa nini naandika mareefu hivi.

Sasa ile nyota moja. Kwanza muda. Alisema kazi itaisha ndani ya wiki moja, ikapita zaidi ya mara mbili yake, vijana wanakuja siku mbili wanapotea, simu haipokelewi, na mtaro umeachwa wazi uani na mimi nina mtoto mdogo. Hili sio dogo. Pili haandiki. Bei alinitajia kwa mdomo, jumla ilikuja milioni moja na laki kadhaa vifaa na ufundi, ni hela halali nikiangalia kazi, lakini nilitaka karatasi inayoonesha gata kiasi gani, chemba kiasi gani, ilibidi niandike mwenyewe kwenye daftari asaini. Tatu, vishikio vya gata upande wa jikoni alivipanga vimeachana sana, mvua kubwa ya kwanza gata ikashuka tumbo na maji yakamwagika ukutani. Nilipomwita alirudi akaongeza vishikio bila kunidai, ila nilisubiri. Nne, ule mpira wa tyubu unakakamaa kwa jua, itabidi ubadilishwe kila baada ya muda na hakuniambia mpaka nilipouliza. Na kifusi chake alikiacha getini nikalipa guta kukiondoa.

Wakati wa kumtafuta ni kiangazi, kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane. Ukifika mwezi wa kumi vijana wake wote wako kwenye korosho, Novemba mvua zinaanza, na udongo ukishalowa hata zege halimwagiki vizuri. Mwambieni aandike bei, msilipe zaidi ya nusu mwanzoni, na mtaro wowote utakaochimbwa ufunikwe kwa mbao jioni kabla hajaondoka. Anayetaka kuja kuangalia vile vizuizi na chemba kwa macho kabla hajatoa hela yake aje Magomeni siku ya Jumapili mchana, nipo nyumbani.